Gauni la Dame Lorraine

Cherehani zote ukumbini zilinyamaza kwa pamoja. Ansel alikuwa amesimama mlangoni, gauni la hariri limemkaa mpaka miguuni, mito miwili kaifunga kifuani na mmoja makalioni.

Kundi lao la kanivali, Watrinidad wanaoishi ughaibuni Scarborough, lina desturi yake. Anayetaka kucheza Dame Lorraine, yule bibi wa mwenye shamba ambaye mababu zao watumwa walimwigiza kwa kejeli, hupita kwanza mbele ya wenzake. Wakicheka, amefuzu. Wasipocheka, Jumamosi atabeba bendera huko nyuma kabisa.

Ansel akapita. Hakucheka mtu.

"Yesu wangu," akasema mzee Learie, pini mdomoni. "Huyu si Dame Lorraine. Huyu ni bibi harusi!"

"Gauni umelishona kama vile unampenda yule mwanamke," akasema Tanti Ismay, kiongozi wao. "Kejeli iko wapi, mwanangu?"

Jasho lilimtiririka Ansel chini ya mito. Angeweza kusema amekosea, akaifumua ile kazi ya miezi mitatu. Alishindwa.

"Tanti, kule nyumbani nilichekwa kila siku nikitoka shule, kwa mwendo wangu tu. Bibi huyu aliona hariri ni yake peke yake. Kisha watu wake wakatuandikia sheria kwamba mwanamume kama mimi, anayependa mwanamume, afungwe. Mababu walimjibu la hariri. Mimi namjibu hilo la pili. Nimependeza, na simwombi mtu radhi."

Mzee Learie akatoa pini mdomoni.

"Hotuba nzuri. Lakini hayo makalio yamelala, kijana."

Ansel akageuka, akainua pindo kwa vidole viwili kama bibi mwenyewe, akayatikisa mbele ya pua ya mzee mpaka miwani ikamdondoka.

"Yameamka sasa?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Ansel alikitambua mara moja: hakikuwa kile cha njiani kutoka shule. Safari hii alikuwa anacheka nao.

Tanti Ismay akajifuta machozi. "Hariri iache hivyo hivyo. Jumamosi utatangulia."

"Mbele ya bendera?"

"Mbele ya kila mtu. Na mwambie Devon wako aje akupepee, joto lisije likakuua."

Ansel hakuwahi kumtajia jina la mpenzi wake. Akanyoosha shingo, akarudi mlangoni, akapita tena, polepole, wamtazame vizuri.