Kadi ya Kaka wa Karani

Fundi wa kuchomelea vyuma alipofika mezani mikono mitupu, karani wa kituo cha kura hakutabasamu, ingawa alikuwa dada yake wa tumbo moja.

"Kadi."

"Dada, acha utani. Nimeisahau karakanani. Si unanijua?"

"Nakujua mimi. Mawakala hawa wa vyama hawakujui. Kaifuate, zimebaki dakika arobaini kituo kifungwe."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akasogea pembeni amenuna, aone kama ukali huo ni kwake peke yake.

Aliyemfuata alikuwa bibi mmoja ambaye nyumba yake iliungua na kadi ikiwa ndani. Mkononi alikuwa na barua ya polisi tu.

"Huyu naye hana kadi," wakala mmoja akadakia. "Atoke."

"Hatoki mtu," karani akajibu. Akatafuta jina daftarini, akalinganisha picha na uso wa bibi, kisha akamsomea wakala kanuni ya waliopoteza kadi mpaka nukta ya mwisho. Akampa bibi karatasi ya kura. "Pita, bibi yangu."

"Mwanamke huyu!" fundi akajisemea, hasira zote zimemwisha. Akatimua mbio.

Alirudi na kadi, jasho likimtiririka, akawa wa mwisho kwenye foleni. Dada yake akaitazama picha, akamtazama usoni, akarudi kwenye picha, kana kwamba hawajawahi kuonana. Fundi akajikuta amesimama wima, kidevu juu, ili akaguliwe vizuri.

"Ndiye," karani akawaambia mawakala, akampa karatasi.