Mara ya Mwisho ya Gildardo Kupanda Letras

Waendesha baiskeli wa mji wetu, Mariquita, ni waongo, nami niliolewa na mmoja wao. Si uongo wa fedha wala wa wanawake. Ni uongo wa miguu. Muulize yeyote kati yao hali yake Jumapili asubuhi pale uwanjani, kabla hawajaondoka. Atakwambia hajalala, ana mafua, goti limevimba, wiki nzima hajaigusa baiskeli. Punde si punde utamwona mtu huyohuyo anapanda kuelekea mji wa Fresno kama anayefukuzwa na nyuki. Kwao huo ndio ustaarabu. Anayesema ni mzima ni mgeni wa mchezo, au ana majivuno, na atakomeshwa kwenye kona ya kwanza. Mume wangu Gildardo alikuwa fundi wa majokofu wiki nzima, na Jumapili alidanganya kama wenzake.

Mwongo mkuu alikuwa Ovidio, muuza nyama wa sokoni, aliyemsimamia binti yetu ubatizo. Yeye na Gildardo walishindana tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Kila kibao cha barabarani chenye jina la mji kilikuwa vita, nani atakipita kwanza. Mara nyingi alikuwa Ovidio, na hakuwahi kumwachia mtu, hata mwanawe wa kumzaa siku ya harusi yake. Alisema kumwachia mtu ushindi ni kumvua suruali hadharani.

Mwezi wa tatu tulikwenda mjini Ibagué kwa daktari. Moyo wa Gildardo ulikuwa umetanuka na kulegea, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Daktari, mwanamama mpole, alituambia bila kuzunguka kwamba kabla mwaka haujaisha hata ngazi za kanisani zitamshinda. Gildardo akauliza kuhusu milima. Daktari akasema yeye hawezi kumruhusu, ila hawezi pia kumfunga kamba.

Kwenye basi la kurudi alitazama nje dirishani mpaka tulipoanza kuona miembe ya kwetu.

"Ermelina, nataka Letras. Mara moja tu, na Ovidio. Anishinde au nimshinde, lakini iwe kweli."

Letras ndio mlima wetu. Unaanzia mlangoni petu, kwenye joto na matunda, na ukiisha upo mawinguni unatetemeka. Watu huja kutoka nchi za mbali kuupanda, wakifika juu wanalia na kupiga picha. Nilitaka kumwambia amepagawa. Nilimtazama usoni, nikamuuliza lini tu.

Basi wakaja nyumbani kupanga safari, Ovidio na Yamile, yule dada wa posta anayepanda milima kuliko wanaume wengi na kuwakumbusha kila siku. Niliwapikia tamale, wali na nyama vilivyofungwa ndani ya majani ya mgomba. Wakabishana kama kawaida yao: watoke saa ngapi, maji wajaze wapi, halua ya mapera ibebwe kiasi gani, na je, mchuzi wa mbavu waunywe Fresno au wavumilie mpaka Padua. Mimi ningewafuata na Renault yetu kuukuu, nikibeba makoti na matairi. Mabishano yalipotulia Gildardo akaweka uma chini.

"Jamani, sikilizeni. Safari hii naumwa kweli. Ni moyo. Daktari amesema umechoka."

Ovidio alicheka mpaka akapaliwa na wali.

"Moyo! Mzee, umepiga hatua! Mwaka jana ilikuwa figo."

"Mwacheni, maskini," Yamile akasema. "Hata mimi sina hali. Nina mimba ya mapacha."

"Mimi nilikufa Alhamisi," Ovidio akajibu, amevaa uso wa matanga. "Mke wangu kanifufua kwa sababu nyama ilikuwa haijakatwa."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Hawakutuambia lolote kuhusu mtu anayeyatangaza maradhi yake mezani na watu wakamcheka. Nilifungua mdomo niseme, nikahisi mguu wa Gildardo unaukanyaga wangu chini ya meza. Akaanza kucheka pamoja nao.

Walipoondoka nilimwuliza ana akili gani. Alikuwa anaosha sahani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Ibagué.

"Umewasikia? Wamenicheka kama mtu mwenye afya. Nimewaambia ukweli, dhamiri yangu haina deni, nao wamenicheka. Waache hivyo hivyo, mama. Niahidi."

Nikamwahidi. Nikatoka nje kuanika vitambaa ambavyo havikuwa vimelowa.

Tuliondoka alfajiri moja ya mwezi wa saba. Mpaka Fresno walipanda pamoja, na mimi nyuma yao nikisikia matusi kupitia dirishani. Ovidio alimwambia Gildardo kwamba baiskeli yake inalia kama nguruwe anayejua leo ni Jumamosi, siku ya kuchinjwa. Gildardo akamjibu kwamba nguruwe wote humlilia Ovidio, hata wale ambao hajawafahamu. Nilianza kufikiri labda daktari alikosea.

Baada ya Fresno barabara ilipoinuka, Ovidio akasimama juu ya pedali na kuchomoka. Hapo ndipo siku zote Gildardo humfuata. Alisimama naye, akakanyaga mara chache, akaketi. Ovidio akageuza shingo.

"Mzee, unanitegea! Nakujua! Unaficha miguu uje unitoe roho kule juu!"

Akaenda zake, na Yamile nyuma ya gurudumu lake. Mtu mwingine yeyote duniani angeona kwamba mwenzake amechoka. Hawa waliona mbinu.

Tulipovuka Padua mibuni ilikuwa imebaki chini, kukawa na malisho na baridi. Gildardo alikwenda polepole kiasi kwamba mbwa wa kando ya barabara walichoka kumbwekea, wakarudi kulala. Nilimfikia ubavuni. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Ingia ndani ya gari."

"Bado."

"Gildardo, ingia. Nakuomba."

"Tangulia juu," akasema, kila neno na pumzi yake. "Waambie nimepata pancha. Wasije wakateremka kunifuata."

Huko juu desturi ndiyo hii: aliyetangulia humsubiri wa mwisho, hata kwa saa nyingi, na hakuna anayeteremka kabla wote hawajafika. Mita uliyoipanda ni yako, huirudishi chini. Nilimvika koti. Nikakanyaga mafuta, nikamwona kwenye kioo akizidi kuwa mdogo mpaka ukungu ukamla. Sijawahi kuendesha kwa uchungu kama ule.

Kileleni, Letras ni vibanda kadhaa, upepo, na malori yanayopumzika. Ovidio alikuwa amejifunika blanketi la sufu, mkononi kikombe cha maji moto ya sukari guru, na kipande cha jibini kikiyeyukia humo.

"Shemeji! Yuko wapi yule msanii?"

"Pancha," nikasema.

"Pancha!" Akampigia ukelele yule mama wa kibandani. "Mama, unasikia? Wiki nzima ni moyo, leo ni pancha! Yupo nyuma ya kona anapumzisha miguu, aje anipite kwenye kibao. Nami namsubiri hapa hapa. Moyo, moyo! Mjukuu wangu anadanganya vizuri kuliko yeye."

Mzaha mzaha hutunga usaha. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Sikukumbuka ahadi, na hata kama ningeikumbuka, mume wangu alikuwa peke yake kwenye ukungu, na huyu hapa alikuwa anatafuna jibini.

"Anakufa, Ovidio," nikasema. "Moyo wake unakufa. Aliwaambia kwa mdomo wake, mezani kwangu, mkala chakula changu na kumcheka."

Yamile akaziba mdomo kwa mikono. Ovidio alinitazama akitafuta tabasamu usoni pangu, hakuliona. Akaweka kikombe juu ya ukuta. Akavua blanketi, akapanda baiskeli, akateremka, Yamile akimfuata. Walirudisha chini mita walizokuwa wamezipanda, bila hata kunitazama.

Nikageuza gari. Tulimkuta kwenye kona yenye zizi la ng'ombe, bado anakanyaga, kichwa kimelala karibu na usukani. Walizunguka, wakajipanga mmoja kulia, mmoja kushoto. Yamile akanyoosha mkono, akauweka mgongoni pa Gildardo kumsukuma, kama wanavyosukumwa watoto Jumapili.

Gildardo akageuka, akanitazama kupitia kioo cha mbele. Mara moja tu. Ilitosha.

"Toa mkono, Yamile," akasema. "Ovidio, mbona kimya? Umelishwa nini huko juu?"

"Nimechoka tu, mzee."

"Basi nitukane."

"Twende polepole. Tuko pamoja."

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia Ovidio akisema maneno hayo, na nadhani hata yeye hakuwahi. Gildardo akainamisha kichwa. Tukapanda hivyo, wao watatu na mimi na injini, kama watu wanaosindikiza jeneza, mpaka vibanda vikaanza kuonekana na kibao cha Letras kikiwa mbele yao.

Ndipo Ovidio akasimama juu ya pedali.

"Kwaheri, mzee!" akapiga kelele, akachomoka.

Nilipiga usukani kwa furaha. Nilisema, asante Mungu, ameelewa, anampigania. Na Gildardo akasimama naye! Sijui nguvu zile alizitoa wapi. Mifupa ya mgongo ilionekana kupitia koti lililolowa na kumganda mwilini, lakini alisogea, gurudumu lake likakaribia la mwenzake. Kisha Ovidio akaanza kuyumba mabega kama mtu aliyeishiwa. Akachungulia nyuma chini ya kwapa, kupima. Nikaona vidole vyake viwili vinakunjika juu ya breki.

Gildardo alikipita kibao wa kwanza.

Yamile alikuwa akilia na kushangilia kwa pamoja. Madereva wa malori walipiga makofi bila kujua wanachopigia. Gildardo hakusimama kwao. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye gari, akaegemeza baiskeli, akaingia, akafunga mlango. Nilimfunika makoti yote niliyokuwa nayo.

"Uliwaambia," akasema alipoweza kupumua.

"Niliwaambia." Na hata leo ningewaambia.

Akatikisa kichwa, hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Umefika, baba," nikasema. "Umefika wa kwanza."

"Nilisikia breki, Ermelina."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mikono imefunika uso, mwanamume aliyemzika mama yake bila chozi. Nilimshika goti.

Huko nje Ovidio alikuwa amemshika mkono yule mama wa kibandani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya sokoni.

"Mama, mpe huyu mzee kikombe! Ameniaibisha leo! Ana moyo mbovu na bado kanishinda, nimekanyaga mpaka nikaona nyota! Waulize hawa!"

Alisema huku akitazama gari letu, akisubiri. Ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na alikuwa amemletea.

Gildardo akapangusa uso kwa kofia yake. Akavuta pumzi, ikakatika, akavuta nyingine. Akateremsha kioo, akatoa kichwa kwenye upepo.

"Kafanye mazoezi, wewe pipa la mafuta!" akapaza sauti. "Mwakani hata Ermelina atakupita!"

Ovidio alicheka huku machozi yakimtiririka, kama mtoto aliyesamehewa. Gildardo akampungia mkono mpaka Ovidio alipogeuka. Kisha akapandisha kioo.

"Twende nyumbani," akaniambia, "kabla hajaja kunikumbatia."

Nikawasha gari.