Dawa ya Nyanya Zisizoumwa

Naandika haya kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake amesoma kumzidi. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo halinipi haya. Kinachonipa haya ni kingine.

Kitinda, mwanangu wa mwisho, alichukuliwa kwa kazi ya muda kwenye kituo cha utafiti wa mimea. Wakamwambia atafute shamba la mkulima ajaribu dawa mpya, ikionyesha matokeo wamwajiri. Wakulima wote aliowafuata walimkatalia. Akaja kwangu. Nina mistari kumi na sita ya nyanya nyuma ya nyumba.

Alinikalisha jikoni, chupa mezani. "Mama, hii haiui ugonjwa. Inauchokoza mmea ungali mzima. Jani likiguswa linadhani limevamiwa, linapeleka habari kwa wenzake, mmea wote unajiandaa. Ugonjwa ukija unakuta mlango umekomewa."

"Kwa hiyo tunautisha bure?"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anamenya vitunguu. "Kama wewe tu unavyokohoa mlangoni ili kaka yangu ainuke kwenye kiti!"

Tukacheka. Kitinda alitabasamu tu. "Mara tatu, mama, kila baada ya wiki. Ile mistari minane niliyoifunga vitambaa vyekundu. Mingine uiache, tulinganishe. Madoa yakishatokea, basi tena, umechelewa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Nilielewa kwa masikio. Siku ya kwanza nilisimama na bomba la kupulizia mgongoni nikazitazama zile nyanya. Kijani kibichi, zimenona, hazina hata doa. Mkono ukagoma. Nimelea watoto watano kwa kubania dawa: nusu kwa homa ya leo, nusu naifunga kwenye karatasi kwa homa itakayokuja. Kumpa dawa asiyeumwa, kwangu ni kuimwaga. Nikairudisha kabatini. Nikasema moyoni, siku nyanya zitakapougua nitakuwa nayo.

Jioni akapiga simu. "Umepiga dawa, mama?"

"Nimepiga."

Sikutaka anione mshamba, ndiyo sababu. Wiki ya pili nikajibu vilevile. Ya tatu nikaongeza, "Tena majani yameitikia vizuri." Hayo ya majani hata hakuniuliza.

Kisha yakaja manyunyu ya siku sita mfululizo, jua halionekani. Asubuhi ya saba nikakuta madoa ya kahawia, na chini ya jani utando mweupe kama unga. Ugonjwa wa bakajani. Nikakimbilia kabati, nikachanganya dawa yote ya mara tatu kwenye bomba moja, nikapiga mpaka mabega yakafa ganzi. Ilikuwa sawa na kumfundisha mtu kupigana wakati ameshalala chini anakanyagwa. Siku ya nne mashina yalikuwa meusi, matunda yakioza yangali yananing'inia.

Kitinda akaja na mkuu wa kituo, mzee mpole. Mzee akapita mstari kwa mstari, akasimama penye vitambaa.

"Hii ndiyo iliyopigwa dawa?"

Kitinda akanigeukia. "Mama?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Nikasema, "Ndiyo. Mara tatu, kama alivyoniagiza."

"Basi dawa haifanyi kazi," mzee akasema. "Andika, binti."

Nikamtazama mwanangu akiandika uongo wangu kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kwa mwandiko mzuri.

Nilimwambia ukweli siku barua ilipofika: hataajiriwa, na dawa haitajaribiwa tena. Alikuwa anakunja nguo. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alivaa viatu akarudi kituoni kueleza. Aliporudi aliniambia alichojibiwa na yule mzee: "Mama yako juzi alisema ndiyo, leo anasema hapana. Mimi nimwamini yupi?"

Msimu uliofuata bakajani ilimaliza shamba la wifi yangu. Alikaa ukingoni mwa tuta akaniambia, "Laiti ile dawa ya Kitinda ingefanya kazi." Nikainama kumsaidia kung'oa mashina. Mpaka leo hajui, na akisoma haya atajua.

Wewe mzazi, mwanao akikuagiza kitu usichokielewa, uliza hata mara kumi, akuone mjinga. Na kama hukufanya, sema hukufanya, siku hiyohiyo. Baada ya hapo hakuna unachoweza kupulizia.

Siku hizi Kitinda anauza madaftari dukani, mji mwingine. Akipiga simu anaongea na baba yake. Jana nilikuwa nimekaa pembeni, sauti yake naisikia.

"Mama amekwenda kliniki ya presha?"

"Anasema amekwenda."

"Baba, sijauliza anasemaje. Itazame kadi yake."

Mume wangu akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikaenda kuileta.