Machozi Yaliyoishia kwa Jirani

Mume wangu, Walter Ondiek, alikuwa fundi wa cherehani. Kibanda chake kilikuwa Kondele, Kisumu, lakini nusu ya wiki alikuwa safarini: Bondo, Awasi, popote palipokuwa na cherehani iliyogoma. Hakurudi nyumbani bila kupatwa na jambo. Mara alale kwa watu waliodhani yeye ndiye mchumba wanayemngoja, mara afukuzwe na bata mzinga hadi juu ya tangi la maji. Kabla hajavua viatu alishachukua daftari na kuandika yote kama yalivyotokea, na kila mara mjinga wa hadithi alikuwa yeye mwenyewe.

Wateja waliomngoja kibandani walitaka asome. Mshonaji mmoja, Valarie, aliwahi kumwambia, "Fundi, ukianguka huko Bondo mimi huku napona. Nilidhani aibu kama hizo zinanipata peke yangu."

Walter alifariki Machi mwaka jana, baada ya miezi minne ya ugonjwa wa figo. Tangu hapo, kila nikimkumbuka nilimwona kitandani, midomo imekauka. Kicheko chake kilinitoka akilini kabisa. Nilijua kwamba kilikuwa na filimbi ndogo mwishoni, kama birika linapoanza kuchemka, lakini kujua si kusikia. Daftari zake saba nilizifungia sandukuni.

Mwezi huu tulifanya ibada ya ukumbusho nyumbani kwao, nje kidogo ya Bondo. Kaka yake mkubwa, Oyugi, aliandika wasifu, akanipa niusome mimi mjane. Nikamwomba niongeze ukurasa mmoja kutoka daftari la Walter.

"Mama Debra," akaniambia, "pale kutakuwa na pasta na wakwe. Unataka wamcheke marehemu? Na mama yetu je? Ukimuumiza, ni wewe utamtuliza."

Hilo la mama ndilo lililonifunga mdomo. Mama Dorca, mama mkwe wangu, ana miaka themanini na mbili. Tangu mazishi alikuwa akiweka kiti chake kila jioni kuelekea kaburi, akakaa bila maneno. Hata hivyo nilitia daftari moja mkobani.

Siku ilifika. Hema lilijaa. Nikasimama, nikasoma karatasi ya Oyugi: marehemu alikuwa mchapakazi, mpole, mcha Mungu, mwenye kupenda familia. Yote yalikuwa kweli, na yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mwanamume mmoja mstari wa nyuma alikuwa amelala. Nikageuza ukurasa wa pili, nikaona kwamba nikiimaliza karatasi hii, huyu wa kwenye karatasi ndiye atakayebaki, na Walter nitakuwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaikunja. Nikatoa daftari. Oyugi alininyooshea kidole chini ya meza, nikajifanya sikumwona. Nikasoma.

"Awasi, Jumamosi. Nimekwenda kumzika Amolo mshonaji. Msibani mtu haulizi, samahani, aliyekufa hapa ni nani? Unaingia ukilia. Nilipoona hema la kwanza nikaanza kulia langoni, nikakimbia hadi kwenye jeneza, nikaanguka. Nililia vizuri sana. Wanawake wawili waliokuwa wamenyamaza walianza upya kwa sababu yangu. Nilipoinua uso nikaona picha juu ya jeneza. Ilikuwa ya nyanya mmoja mwenye kitambaa cha kanisa. Sijawahi kumwona maishani."

Sikuthubutu kumtazama Mama Dorca.

"Kabla sijarudi kinyumenyume, mwendesha shughuli akasema, mgeni huyu ametoka mbali na ana uchungu, apewe nafasi. Nikashikishwa kipaza sauti. Nikamwomba Mungu anisaidie nisidanganye. Nikasema: Mama huyu sijawahi kugombana naye hata mara moja. Wakasema, Amina. Sijawahi kumsikia akimsengenya mtu. Amina! Na ninasikitika kwamba sikupata muda wa kumjua vizuri zaidi. Hapo binti yake alinikumbatia akaniita kaka. Nikakalishwa na wakwe, nikala samaki mzima, nikabeba jeneza upande wa miguu."

Mtu akakohoa. Aliyekuwa amelala aliamka. Sasa nilikuwa katikati ya maji. Kurudi na kuvuka vilikuwa sawa.

"Nilifika kwa Amolo, boma la pili, saa tisa. Nikajaribu kulia. Wapi! Machozi yote nilikuwa nimeyamaliza kwa jirani. Nilisimama macho makavu, shibe imenilemea, nikamsikia mtu nyuma yangu akisema: huyu wa Kisumu ndiye aliyejiita rafiki wa marehemu?"

Nikafunga daftari.

Kisha kicheko kikaja kutoka mstari wa mbele. Kilianza chini kifuani, kikapanda, kikakwama, na mwishoni kikatoa filimbi ndogo, kama birika linapoanza kuchemka. Nilishika meza. Kwa nukta moja nilidhani Walter ameingia.

Alikuwa Mama Dorca. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakiruka. Miaka kumi na tisa ya ndoa na sikuwahi kujua kwamba kicheko kile ni cha mama yake. Mbele yangu, mkwewe, siku zote alikuwa akicheka kwa adabu, mdomo umefungwa.

"Yawa!" akasema akijifuta macho. "Samaki mzima! Na jioni akaja hapa kwangu akaomba ugali!" Akacheka tena, filimbi ikatoka tena, na hema lote likamfuata, hadi pasta, aliyeficha meno kwa Biblia.

Nikaketi. Nililia, lakini ilikuwa kama kutua mzigo wa kuni baada ya njia ndefu. Kitanda cha hospitali kilikuwa kimeondoka mbele ya macho yangu. Nilimwona Walter kibandani, mafuta ya cherehani vidoleni, akijicheka.

"Mwanangu," Mama Dorca akaniita, "soma ile ya bata mzinga."

"Hiyo iko daftari lingine, Mama. Sikuja nayo."

"Ah! Wewe Oyugi, si ulikuwepo?"

Oyugi aliangalia viatu vyake. Alikuwa bado amekunja uso, lakini pembe za mdomo zilikuwa zikimsaliti. Akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, akaninyooshea mkono nimpe kipaza sauti.

"Wapendwa," akasema, "yule bata alikuwa wangu."