Inakuja, Mama

Watu walimwita Kelele, na sijui kama kuna jina lililowahi kumkaa mtu vibaya kuliko hilo. Ungeweza kukaa naye chumba kimoja asubuhi nzima usisikie hata kikohozi chake. Lakini alikuwa mpiga muziki wa kukodiwa, mwenye spika nne, miksa ya kuchanganyia sauti, kompyuta na gari dogo ambalo mlango wake mmoja unafungwa kwa kamba. Ukimwita kwenye harusi au mahafali anakuja, anafunga nyaya zake, anavaa hedifoni, na hapo ndipo jina linapopata maana.

Alichokuwa hana ni mpangilio. Alikuwa na nyimbo elfu kumi na nne, na ukifungua diski yake ungeshika kichwa. Kulikuwa na folda iliyoitwa MPYA, nyingine MPYA KABISA, nyingine MPYA HIZI SASA, na moja yenye umri wa miaka sita iliyoitwa NITAPANGA KESHO. Wimbo mmoja ulikuwa na nakala tano, na nyimbo mia tatu tofauti zote ziliitwa "Wimbo 01". Kwa hiyo sherehe ikichachamaa na mtu akaja mezani kuomba wimbo, Kelele alikuwa na dawa moja tu. Aliinua kidole gumba bila kuinua kichwa, akasema, "Inakuja." Mwombaji akiwa mwanamke, aliongeza heshima kidogo: "Inakuja, mama." Wapiga muziki wote husema hivyo, na wewe usiwaamini. Ngoma yenyewe haiji. Mwombaji hurudi kwenye kiti chake akasubiri, mwisho huchoka, na sherehe huisha.

Neno hilo hilo ndilo alilomwambia mama yake mzazi.

Ilikuwa miaka minne nyuma, kwenye harusi ya dada yake mkubwa. Kelele alikuwa kazini, jasho linamtoka, anahangaika kutafuta wimbo wa kuingizia keki. Mama yake akaja mezani, akamgusa bega, akasema kitu. Masikio yakiwa yamezibwa na hedifoni, Kelele aliambulia kuona midomo tu, na kwenye midomo hiyo alishika neno moja: nipigie. Akainua kidole gumba. Mama akaridhika, akaondoka ukumbini mapema kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba, na asubuhi yake walimkuta kwenye kiti chake cha sebuleni, mwili umeshapoa.

Tangu siku hiyo Kelele hakujisamehe. Mama yake hakuwahi kumwomba wimbo maisha yake yote, na siku alipoomba, mwanawe wa kumzaa alimpiga chenga kama mgeni yeyote. Mbaya zaidi, hakujua ulikuwa wimbo gani. Shangazi alisema lazima ni wa kanisani. Dada mkubwa akaapa kuwa ni ile rumba aliyokuwa akicheza na marehemu baba. Kila mtu akawa na wimbo wake, na kila wimbo ukamchoma Kelele kivyake.

Sasa kitinda mimba wao alikuwa anaolewa Jumamosi. Alimjia kaka yake na ombi moja, kwamba hataki zawadi wala mchango, anataka tu ule wimbo ambao mama aliuomba, aingie nao ukumbini, ili mama naye awe ameingia. Kelele alikubali kabla hajafikiri. Alipofikiri, alishindwa kula.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi alisukuma viti vya sebuleni pembeni, akaweka kompyuta na diski mezani, akaanza kupanga. Upande wa pili wa chumba mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anamalizia gauni la wifi yake, kitambaa cheupe kimejaa mapajani. Ni yeye aliyemfungua macho. Alimwambia kwamba yeye vifungo vyake havipangi kwa jina la kiwanda, anavipanga kwa kazi, vya shati huku na vya koti kule, na mkono unajua wenyewe pa kwenda. Kelele akaona kweli. Akafungua folda mpya: KUPOKEA WAGENI, KUINGIA, CHAKULA, KUCHEZA, KUTAWANYA. Ndani ya kila moja akatanguliza nyimbo za taratibu, kisha za haraka. Nakala za ziada akazifuta bila huruma. Zile za "Wimbo 01" akazisikiliza moja moja na kuzipa majina. Kila wimbo wa zamani uliopita alijiuliza, ni huu? Hakuna uliomjibu.

Alhamisi, jua limeshaingia dirishani na jirani anagonga mabati yake, alifika kwenye folda ya mwisho. Humo mlikuwa na rekodi za sherehe zenyewe. Kelele alikuwa na kinasa sauti kidogo cha betri, alichokiweka mezani kila kazi kando ya kompyuta ili mteja akitaka kumbukumbu aipate. Hakuna mteja aliyewahi kuitaka, na Kelele hakuwahi kusikiliza hata moja. Alizimwaga tu kwenye diski zikiwa na namba. Ili azipe majina ilibidi azifungue.

Ya kwanza tu aliyofungua, alisikia mshereheshaji akilitaja jina la dada yake mkubwa. Roho ikamruka. Miaka minne alikuwa anakonda kwa swali hilo, na jibu lilikuwa limelala ndani ya uchafu wake mwenyewe.

Akasogeza mbele mpaka kwenye keki. Besi ilikuwa inanguruma, vijiko vinalia. Kisha, si mbali na kinasa sauti, mama yake akasema, "Mwanangu..." Ngoma ikapiga ikafunika kilichofuata. Halafu, "...nipigie." Na sauti ya Kelele mwenyewe, haraka haraka, "Inakuja, mama."

Alirudia mara tisa. Kila mara ngoma ilipiga pale pale. Alilia kidogo, akajifuta kwa shati. Mkewe alisimamisha cherehani, akamuuliza kulikoni, akaelezwa, akamshauri apumzike. Kelele akasema hapana, atafungua na nyingine, huenda kuna sehemu ya harusi ile iliyoingia faili jingine.

Faili la pili lilikuwa la mahafali ya chuo. Aliyakumbuka, yalikuwa mwaka mmoja baada ya mazishi. Alikuwa anataka tu kulipatia jina apite. Dakika ya arobaini, katikati ya makofi, sauti ikasema, "Mwanangu..." Ngoma. "...nipigie."

"Inakuja, mama."

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba mafaili yamechanganyika, na mtu mwenye diski kama ile alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Lakini nyuma ya sauti ya mama, mshereheshaji alikuwa anaita wahitimu, mmoja mmoja, wapande jukwaani. Kelele akafungua faili la tatu, la mtoto kutimiza mwaka. Sauti ilikuwamo. Akafungua la mzee aliyestaafu. Ilikuwamo. Alifungua kumi na moja, na katika kila moja mama yake alikuja mezani mara moja, akasema maneno yale yale, akafunikwa na ngoma. Kila sherehe sauti ilikuwa karibu zaidi na kinasa sauti kuliko sherehe iliyotangulia.

Tena, kilichomtisha zaidi hakikuwa sauti ya mama. Ni sauti yake mwenyewe. Katika kila faili alikuwa anamjibu, kwa sauti ya mtu asiyeinua kichwa. Miaka yote mama alikuwa anakuja kusimama pale bega kwa bega naye, na yeye alikuwa anamfukuza kwa adabu.

Akamwita mkewe. Mkewe alikuja na pini mdomoni, akazitema kiganjani aliposikia sauti ya mama mkwe wake. Alivuta kiti, akakaa, akamwonyesha kwa kidole afungue la mwisho.

La mwisho lilikuwa la miezi miwili iliyopita, harusi moja ambayo umeme ulikatika katikati. Walisikia muziki ukizimika ghafla, watu wakiguna, wengine wakicheka. Spika zilikuwa kimya, lakini kinasa sauti kilikuwa na betri zake, kikaendelea. Wakasikia mtu anakuja, anaburuta miguu kidogo, kama atembeavyo mtu ambaye viatu vinambana. Akasimama. Akapumua, karibu mno. Safari hii hapakuwa na ngoma ya kumfunika.

"Mwanangu, ukimaliza, nipigie."

"Inakuja, mama," akasema Kelele wa kwenye kinasa sauti.

Kelele wa sebuleni aliruka kwenye kiti, akaanza kusogeza faili mbele na nyuma. Alisema lazima anautaja wimbo mahali fulani, hajautaja bado, pengine baada ya umeme kurudi. Mkewe alimshika mkono akautoa kwenye kompyuta.

"Hakuna wimbo hapo," alisema.

"Si umesikia anasema nipigie?"

"Nimesikia. Wewe ukisikia nipigie, mkono unakimbilia nyimbo. Sisi wengine tukisikia nipigie tunatafuta simu."

Kelele alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni.

"Alikuwa na simu mkononi asubuhi ile," mkewe aliendelea, taratibu. "Mimi ndiye niliyeitoa. Alikuwa ameishika sana, ikabidi nimfungue kidole kimoja kimoja. Nilikwambia siku ile ile. Ukasema labda alikuwa anaangalia saa."

Jirani aliendelea kugonga mabati. Kelele alikumbuka kwamba baada ya harusi ya dada yake alikunja nyaya, akapakia spika, akafika nyumbani amechoka hoi, akalala na viatu. Mama yake alikuwa mtu wa kukesha mpaka kila mtoto wake afike anakokwenda. Walimtania kwa hilo tangu wakiwa wadogo. Na Kelele alimwacha kitini akimsubiri.

"Basi mpigie," alisema mkewe.

"Nimpigie wapi?"

"Namba yake unayo."

Alikuwa nayo. Hakuwahi kuifuta, yeye ambaye tangu jana yake alikuwa amefuta nyimbo elfu mbili. Alisema laini ilishafungwa zamani. Mkewe hakubishana. Alikwenda kwenye cherehani, akavuta droo ya chaki na mikasi, akarudi na simu ya marehemu, ile ndogo ya vibonyezo. Akaiweka juu ya meza, mfuniko wa nyuma umetolewa, mahali pa betri patupu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaogopa kama anavyoogopa mumewe, ila Jumamosi mama atakuja tena mezani, kwenye harusi ya binti yake, na atajibiwa vile vile.

Kelele alipiga moyo konde. Akabonyeza, akaweka simu sikioni, akitarajia yule mwanamke wa mtandao aseme namba haipatikani.

Iliita. Wote wawili waliitazama ile simu ndogo mezani. Ilikuwa imetulia, kioo cheusi. Ikaita mara ya pili, mara ya tatu. Mkewe akamshika bega. Mara ya nne ikapokelewa.

Hapakuwa na kelele yoyote upande wa pili, kiti tu kililia kidogo kama mtu aliyekuwa amesinzia anajiweka sawa.

"Umemaliza?" sauti ikauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika. Nimefika zamani."

"Mbona sasa hukunipigia?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na hakuyafuta. Alitaka kuomba radhi kwa yote, kwa kidole gumba, kwa usingizi wa viatu, kwa miaka minne. Kilichotoka kilikuwa kidogo. "Nilidhani unataka wimbo, mama."

Mama akacheka, kile kicheko chake cha puani kilichoishia kwenye kikohozi, na mkewe Kelele, aliyekuwa amesimama hatua moja nyuma, akakisikia pia.

"Mimi na wimbo wapi na wapi," ikasema sauti. "Haya. Kama umefika, na mimi nilale."