Kafara ya Nadra

Siku ile Bi Kidawa aliamka salama, lakini mchana haukumfika na raha yake. Mwalimu Haroub, mkuu wa skuli ya mjukuu wake, alimpigia simu. Nadra hataki kusema kiapo cha uzalendo mstarini. Wenzake wote wa darasa la tatu wanakisema, yeye kafumba mdomo kama chaza. Aje naye alasiri wazungumze, maana asiyesema hatoingia darasani.

Nyumba za Mkunazini zimebanana, neno halikai ndani. Jirani yake Biasha alishalisikia.

"Angalia, Bi Kidawa, wasije wakasema mtoto kafunzwa nyumbani. Unatujua watu wa hapa na siasa zetu."

Alisema hayo, kisha akaingia kwake akatoka na bakuli la tambi za sukari kwa ajili ya Nadra. Ndivyo alivyo Biasha, ulimi pilipili, mkono asali.

Nadra aliporudi kutoka skuli hakuzigusa. Alikaa barazani, midomo imemkauka.

"Nadra."

"Naam, bibi."

"Mbona huli?"

"Nnafunga."

Bi Kidawa akaliweka chini sinia la mchele. Ramadhani ilikuwa mbali bado. Hakumhimiza. Alimkalisha mbele ya magoti yake, akamfumua nywele, akaanza kumsuka upya huku akingoja. Kwenye msuko wa pili maneno yakatoka yenyewe.

Kwenye kiapo hicho cha mstarini waliapa pia kutunza mali ya skuli. Siku hiyo hiyo Nadra alichora ua juu ya dawati kwa kalamu ya wino. Na chuoni walikosomea Kurani, mwalim aliwafundisha kwamba mwenye kuvunja kiapo, kama hana cha kulisha maskini, hufunga siku tatu.

"Leo ndiyo ya mwisho," alisema Nadra. "Juzi na jana nilikwambia ntakula magharibi. Na nikiapa tena ntavunja tena, bibi. Mie najijua."

Bi Kidawa hakujua acheke au alie. "Mwanangu, mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Kafara hii si yako."

"Sasa mbona tunaapishwa kama wakubwa?"

Bibi alijitanda kanga, akamshika mkono, akaenda na swali hilo skuli.

Mwalimu Haroub aliwapokea kwa uso mkavu. Bi Kidawa alimhadithia yote pamoja na swali la mtoto, kwa unyenyekevu, maana skuli nyingine ya karibu hakuijua. Mwalimu akavua miwani. Akamtazama Nadra mpaka akajificha nyuma ya bibi yake.

"Dawati lipi?" akauliza.

Wakaenda darasani. Ua lilikuwa dogo, limefifia kwa kusuguliwa kwa mate. Mwalimu akatafuta kitambaa, akakirowesha, akapiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, wakasugua pamoja yeye na Nadra.

"Mimi nimeapa kiapo hiki tangu nina umri wako," alimwambia taratibu. "Sijafunga hata nusu siku. Nilitaka nchi iwakae mdomoni, kumbe wewe imekufika mpaka tumboni."

Nadra akacheka kidogo.

"Bi Kidawa, umeniuliza swali la haki. Kuapa tutawaachia wakubwa. Kesho watoto watasema, nitajitahidi kuitumikia nchi yangu, inshallah. Na asiyejisikia kusema asimame ametulia. Hatoulizwa."

"Kujitahidi naweza," alisema Nadra, bado anasugua.

Njiani Bi Kidawa aliona kifua chake chepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Biasha alikuwa mlangoni.

"Vipi?"

"Salama. Mwalimu kaelewa."

"Alhamdulillahi. Mie nshavaa viatu, nilikuwa nakuja kugombana nao."

Nadra alikataa kula kabla ya wakati. Alishatia nia, na nia yake aliitaka kamili. Ilipoadhiniwa magharibi alianza kwa tende, kisha akalivuta bakuli la tambi, na Bi Kidawa akakaa kando kumtazama akila, mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli.