Huenda ya Baba

Kwenye ofisi ile ya kamusi palikuwa na desturi moja iliyowatoa watu jasho. Ukiandika maelezo ya neno, unasimama mbele ya meza kubwa na kuyasema kwa kichwa, bila karatasi, huku wenzako wakikuchimba kwa maswali. Ukikwama, neno si lako. Ukikwama tena, hata kiti si chako.

Baba alikuwa ameshakwama mara moja.

Binti yake alikuwa kwenye kona, karibu na mashine ya kunakili. Kwa mujibu wa barua yake ya kazi yeye ni mpiga chapa tu. Lakini tangu baba apatwe na kiharusi na maneno yaanze kumpiga chenga, binti ndiye aliyemwandikia kila kitu nyumbani, kisha akamkaririsha sentensi moja moja. Baba alikubali kwa aibu. Binti alikubali kwa huruma na, tuseme ukweli, kwa sababu kazi yenyewe aliipenda kufa.

Neno la leo lilikuwa la Kiingereza, "learn". Neno la watoto, ungesema. Maneno kama hayo ndiyo yenye visa.

"Maana yake kujifunza," baba alianza, sauti imara. "Zamani Waingereza walilitumia hata kwa kufundisha. Anayetoa na anayepokea, neno moja. Baadaye wasomi wakasema hayo ni makosa."

"Na asili yake?" aliuliza mhariri mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo.

Baba alifungua mdomo, neno likamponyoka. Binti alimwomba kimoyomoyo. Nyayo, baba. Sema nyayo. Jana tumelirudia mpaka chai ikapoa!

"Huenda," baba alisema hatimaye, "linahusiana na neno la kale la... la nyayo. Kufuata alikopita mwenzako."

Binti alishusha pumzi. Mapema mno.

Mhariri mkuu alivua miwani. "Mzee, nimefanya kazi na wewe tangu sijaolewa. Hujawahi kusema 'huenda'. Sisi tukisema, unatugombeza. Nani kakuandikia?"

Binti aliona kazi mbili zikiota mbawa kwa mpigo mmoja, na pesa za dawa za baba pia. Akainuka, tayari kusema uongo wowote utakaokuja mdomoni, lakini baba alimzuia kwa mkono.

"Binti yangu," alisema. "Miezi yote hii. Nilimwambia aitoe hiyo 'huenda', akakataa katakata. Akasema hatuna hakika, tusiwadanganye watu." Akawageukia wenzake. "Mimi nimewadanganya mara ngapi, kwa kuliogopa neno hilo?"

Akavuta kiti chake kutoka mezani, mguu mmoja ukiburuta, akakigeuza kumwelekea binti.

"Njoo usimame, mwanangu. Neno ni lako."

Binti alikwenda mbele ya meza. Mhariri mkuu alikuwa ameshavaa miwani, na swali lake lilikuja bila huruma hata chembe.

"Nyayo. Una uhakika?"

"Sina," alisema binti. "Ndiyo maana nimeandika huenda."

Mhariri mkuu akamwonyesha kiti cha baba yake.

Kule kwenye kona, baba alikuwa amekaa mahali pa mpiga chapa, akilia bila kujificha.